Ukurasa na Vazi Lake

Msomaji, kila kitu kilichowekwa mahali kina njia ya kukifikia, na njia hiyo ina majina yake. Chombo ambacho hakuna aijuaye njia yake ni sawa na chombo kilichopotea, hata kama kimelala hatua tatu tu kutoka mlangoni. Jambo hili ni kweli katika ghala ya mahindi, ni kweli katika posta, na ni kweli vile vile katika kompyuta. Katika insha hii tutaitazama historia ya njia moja ndogo, ambayo watu wengi huipita kila siku wasiione: njia ambayo ukurasa wa tovuti huifuata ili kulifikia vazi lake. Vazi hilo ni faili la mitindo, yaani waraka wenye amri za rangi, ukubwa wa herufi, mipaka ya visanduku na nafasi baina ya mistari. Ukurasa ukilipata vazi lake hupendeza na husomeka. Ukilikosa husimama uchi mbele ya wageni.

Tuianze safari yetu katika nchi tunayoijua, baina ya Kitale na Bungoma, magharibi ya Kenya. Kwa maana miji miwili hiyo yaweza kutufundisha habari za njia na anwani vizuri kama kitabu.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu, ufukoni mwa Ziwa Victoria, mwaka 1901. Baadaye njia nyingine ilichepuka Nakuru, ikapanda nyanda za juu, ikafika Eldoret mwaka 1924. Kutoka hapo iliendelea kwa Turbo, Webuye na Bungoma mpaka Malaba, ikavuka mpaka, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Kitale haukuwa juu ya njia hiyo kubwa. Ulipewa tawi lake, lililotoka katika kituo cha Leseru, mbele kidogo ya Eldoret, likafunguliwa mwaka 1926 ili kubeba mahindi na mazao mengine ya Trans Nzoia.

Sasa fikiri, msomaji. Ikiwa msafiri atokaye Eldoret angeuliza njia ya Kitale, angeambiwa, “Nenda mpaka Leseru, kisha shika tawi la kulia.” Maneno hayo ni ya kweli kwake. Lakini mpe maneno hayo hayo msafiri atokaye Bungoma. Atafika Leseru akiwa anaelekea mashariki. Akishika mkono wa kulia ataelekea kusini, naye Kitale iko kaskazini, nyuma ya bega lake la kushoto. Maelekezo hayakubadilika hata neno moja, lakini yamekuwa ya uongo kwa sababu mahali pa kuanzia pamebadilika. Kuna namna nyingine ya kueleza njia, nayo ni kuanza katika shina: “Kutoka Mombasa, pita Nairobi, pita Nakuru, pita Eldoret, pita Leseru, ndipo ufike Kitale.” Maelekezo hayo ni marefu, lakini hayamdanganyi mtu yeyote, popote alipo. Yaweke moyoni maelekezo ya namna hizi mbili, kwa sababu tutayakuta tena ndani ya kompyuta.

Kuna somo la pili katika reli hiyo. Kituo tukiitacho Webuye leo zamani kiliitwa Broderick Falls, na baada ya uhuru jina hilo liliachwa. Mahali hapakusogea hata shubiri moja. Maporomoko ya mto Nzoia yaliendelea kunguruma pale pale. Lakini barua iliyoandikwa jina la kale ilitegemea kumbukumbu ya karani: kama karani aliyakumbuka majina yote mawili, barua ilifika, kama alikuwa mgeni, ilirudi. Twajifunza kuwa mahali na jina la mahali ni vitu viwili mbalimbali. Hata posta yenyewe yalijua neno hili, ikaupa kila mji namba yake: 30200 kwa Kitale na 50200 kwa Bungoma. Mtu akihama nyumba ndani ya Bungoma hana haja ya kuwaandikia rafiki zake wote. Sanduku lake la posta lipo pale pale, na anwani haijui kama mwenyewe amehama. Anwani njema humficha mwenye nyumba na mahangaiko ya nyumba yake.

Tuyaache sasa mambo ya reli na posta, tuingie katika historia ya tovuti. Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na Geneva, aliandika pendekezo la kuunganisha nyaraka za wataalamu zilizotawanyika katika kompyuta nyingi. Mwisho wa mwaka 1990 tovuti ya kwanza ilikuwa ikifanya kazi, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliutoa uvumbuzi huo bure kwa watu wote. Kila ukurasa ulipewa anwani yenye sehemu tatu: lugha ya mazungumzo, jina la kompyuta iitwayo seva, na njia ya kufikia kitu ndani ya seva hiyo. Katika njia, hatua moja ilitengwa na nyingine kwa alama ya mkwaju, desturi iliyotoka katika mfumo wa kompyuta wa Unix. Kanuni za anwani kamili zilitangazwa Desemba 1994, na kanuni za anwani fupi, zile zitegemeazo mahali pa kuanzia, zikafuata Juni 1995 kwa kalamu ya Roy Fielding. Baadaye kanuni hizo ziliunganishwa katika waraka mmoja, na toleo lake la Januari 2005 ndilo msingi wa kazi hiyo.

Kurasa za kwanza hazikuwa na mavazi ya kuchagua. Kila kivinjari, yaani programu ya kusomea kurasa, kilizionyesha kama kilivyotaka. Watu walipotamani rangi na mapambo, walianza kuandika amri za sura ndani ya maneno yenyewe: hapa herufi kubwa, pale rangi nyekundu, na tena, na tena, katika kila mstari. Kazi hiyo ilikuwa kama kumshonea mtoto nguo juu ya mwili wake, na kila siku kuifumua na kuishona upya. Tarehe 10 Oktoba 1994, Mnorwe Håkon Wium Lie, aliyekuwa naye CERN, alitoa pendekezo la kutenga sura na maneno. Alishirikiana na Mholanzi Bert Bos, na tarehe 17 Desemba 1996 kanuni ya kwanza ya mafaili ya mitindo, iitwayo CSS, ilikubaliwa rasmi. Tangu hapo ukurasa uliweza kubaki na maneno yake tu, na mavazi yakawekwa katika faili jingine. Kurasa mia ziliweza kuvaa kutoka sanduku moja, na fundi akibadili rangi mara moja tu, kurasa zote mia hubadilika.

Lakini kila faida ina gharama yake. Siku vazi lilipotengwa na mwili, ndipo ilipozaliwa haja ya njia. Ukurasa ulilazimika kusema, “Vazi langu liko mahali fulani; nenda ukalilete.” Kivinjari husoma maneno hayo, hufunga safari ya pili kwenda kwenye seva, na hulileta vazi. Njia ikiwa na kosa la herufi moja, seva hujibu kuwa kitu hicho hakipo. Kivinjari hakipigi kelele wala hakimwambii msomaji kuna nini. Huonyesha ukurasa kama ulivyo, bila ya vazi. Hitilafu ya namna hii ni ya kimya, na hitilafu za kimya ndizo zenye kuchosha mafundi.

Njia hiyo yaweza kuandikwa kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni anwani kamili, yenye jina la seva ndani yake, mfano wa barua iliyoandikwa nchi, mji na sanduku. Namna ya pili huanza na mkwaju, na maana yake ni “anza katika shina la seva hii hii”. Hiyo ndiyo safari ya kutoka Mombasa. Namna ya tatu haianzi na mkwaju, na maana yake ni “anza hapa ulipo”. Hiyo ndiyo safari ya “shika tawi la kulia”.

Tuseme kuna ukurasa wenye njia /kliniki/bungoma/fomu, nao unasema vazi lake ni mitindo/fomu.css. Kivinjari kitaliacha neno la mwisho la ukurasa, kisha kitatafuta /kliniki/bungoma/mitindo/fomu.css. Ukurasa huo huo ukihamishiwa /kliniki/kitale/fomu, kivinjari kitatafuta /kliniki/kitale/mitindo/fomu.css, na kama fundi aliliweka faili chini ya Bungoma tu, Kitale watabaki uchi. Tena angalia ajabu hii: mtu akiongeza mkwaju mmoja mwishoni, ukurasa ukawa /kliniki/bungoma/fomu/, kivinjari huhesabu kuwa kimeingia chumba cha ndani zaidi, nacho hutafuta /kliniki/bungoma/fomu/mitindo/fomu.css. Mkwaju mmoja umehamisha nyumba nzima. Nukta mbili mfululizo maana yake ni “rudi nyuma hatua moja”, nazo pia zategemea mahali unaposimama.

Tuje sasa kwenye lugha ya Python. Lugha hii ya kuandikia programu ilianzishwa na Mholanzi Guido van Rossum. Aliianza Desemba 1989 katika taasisi ya CWI mjini Amsterdam, na aliitoa kwa watu Februari 1991. Ilipendwa kwa sababu maandishi yake ni safi na husomeka kwa urahisi. Katika mwaka 2005 zilitolewa kazi mbili zilizoipeleka Python mbele katika ujenzi wa tovuti. Ya kwanza ni Django, iliyotoka katika chumba cha habari cha gazeti moja la mji wa Lawrence, katika jimbo la Kansas, Marekani, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison. Ya pili ni TurboGears ya Kevin Dangoor. Ndani ya TurboGears mlikuwa na vipande vilivyoitwa wijeti, na baadaye vipande hivyo vilitolewa vikawa maktaba ya kujitegemea, iliyopewa jina la ToscaWidgets.

Wijeti ni nini? Ni kipande cha ukurasa kilichotengenezwa mara moja ili kitumiwe mara nyingi: kisanduku cha kuandikia jina, orodha ya kuchagua wilaya, kalenda ya kuchagua tarehe. Seremala mwenye busara hachongi msumari, hununua. Vivyo hivyo mjenzi wa tovuti hachongi kalenda upya kila anapoihitaji. Lakini kalenda haiji peke yake. Huja na faili lake la mitindo, na pengine picha ndogo za mishale ya mwezi ujao na mwezi uliopita. Ni kama bibi harusi, ambaye haji bila ya sanduku lake.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Maktaba ya Python ikiwekwa katika kompyuta, mafaili yake hukaa ndani kabisa ya folda za mfumo, mahali ambapo Python yaona lakini kivinjari hakiruhusiwi kuingia. Na ni vema kisiruhusiwe, maana seva ikiwafungulia wageni folda zake zote, siri zake zitatoka nje. Kwa hiyo vazi moja huwa na majina mawili: jina la nyumbani, yaani mahali lilipo katika diski ya seva, na jina la barazani, yaani anwani ambayo kivinjari huiomba. Maktaba njema ya wijeti hufanya kazi tatu. Kwanza, hulijua faili lilipo katika diski. Pili, hulifungulia mlango barazani kwa anwani maalumu. Tatu, huiandika anwani hiyo hiyo katika ukurasa. Kazi hizo zikipatana, ukurasa huvaa. Zikitofautiana hata kidogo, ukurasa hubaki uchi. Makosa mengi ya wanafunzi wa fani hii yatokana na kuyachanganya majina mawili haya: huandika katika ukurasa njia ya diski, wakidhani kuwa kivinjari kilichoko Kitale chaweza kuona diski ya seva iliyoko Nairobi.

TurboGears ilimtaka mjenzi aiandikishe folda ya mavazi kwa jina, mfano wa mtu anayekodi sanduku la posta. Kisha wijeti ililitaja jina hilo, haikuitaja folda. ToscaWidgets ilifuata njia hiyo hiyo kwa unadhifu zaidi. Wijeti ilisema tu, “Vazi langu ni faili hili, lililomo ndani ya moduli hii ya Python,” na maktaba ikatunga anwani: kwanza kiambishi, kisha jina la moduli, kisha jina la faili. Katika toleo lake la pili, liitwalo tw2, kiambishi cha kawaida ni /resources/, na mjenzi aweza kukibadilisha mahali pamoja tu katika mipangilio yake. Asipende jina hilo, au ligongane na ukurasa mwingine, hubadili neno moja, na wijeti zote hutii. Hayo ndiyo manufaa ya namba 50200: nyumba huhama, anwani hukaa.

Labda utauliza: kwa nini mjenzi asiiandike anwani yote kwa mkono wake, ikiwa yaanza na mkwaju na haidanganyi? Jibu lake ni kwamba programu yenyewe huweza kuhamishwa. Desemba 2003 Phillip J. Eby aliandika kanuni iitwayo WSGI, ambayo ni mapatano baina ya seva na programu za Python. Kanuni hiyo iliigawa njia sehemu mbili: sehemu ya kwanza husema programu imepachikwa wapi katika seva, na sehemu ya pili husema kitu gani kinaombwa ndani ya programu. Programu iliyokuwa shinani yaweza kesho kupachikwa chini ya /kliniki, ili seva moja ibebe programu nyingi. Maktaba inayoijua sehemu ya kwanza huitanguliza mbele ya anwani zake zote bila ya kuambiwa. Lakini mjenzi aliyeandika anwani kwa mkono ataona kivinjari kikienda shinani kutafuta vazi ambalo limekwisha kuhama pamoja na programu. Yeye ni kama mtu aandikaye Broderick Falls juu ya barua, hali wenyeji wote wasema Webuye.

Django nayo ilijifunza kwa hatua. Toleo la 1.0, la mwaka 2008, liliruhusu wijeti za fomu kutangaza mavazi yao zenyewe. Lakini mavazi ya programu na picha zilizoletwa na watumiaji vilichanganywa chini ya mlango mmoja. Machi 2011, katika toleo la 1.3, milango ilitengwa. Mpangilio uitwao STATIC_URL ulitaja anwani ya barazani, na mpangilio uitwao STATIC_ROOT ulitaja folda ya nyumbani ambamo mavazi ya maktaba zote hukusanywa kwa amri moja kabla ya kazi kufunguliwa. Kanuni yake kwa wijeti ni nyepesi: njia ya vazi ikianza na mkwaju, au ikiwa ni anwani kamili, huachwa kama ilivyo, isipoanza hivyo, hutangulizwa STATIC_URL. Basi mwanafunzi akiongeza mkwaju mmoja mwanzoni kwa kudhani kuwa ni pambo, ameuvunja mpango wote.

Kuna mtego mwingine ambao umewanasa wengi. Programu ya Django ikiwa katika hali ya majaribio, seva yake ndogo huyatoa mavazi yenyewe, na mjenzi huona kila kitu ni kizuri. Siku ya kuifungua kazi kwa watu, hali ya majaribio huzimwa, na huduma hiyo huzimika pamoja nayo. Kama hakuyakusanya mavazi wala hakuiambia seva kuu mahali yalipo, siku ya sherehe ndiyo siku ya aibu.

Msomaji aweza kusema kuwa haya ni mambo ya mapambo tu, na ukurasa usiovaa bado una maneno yake. Tuutazame ukweli wa magharibi ya Kenya. Mwaka 2001 kumbukumbu za wagonjwa zilianza kuandikwa katika kompyuta kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, kusini ya Eldoret, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kutoka mwanzo huo mpango wa AMPATH ulikua, ukafikisha huduma zake mpaka Kitale na Webuye. Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia mfumo wa DHIS2 kukusanyia takwimu za afya za nchi nzima kwa njia ya tovuti, na maofisa wa kumbukumbu wa Kitale na Bungoma wakawa wanajaza kurasa zile zile zijazwazo Nairobi na Mombasa. Mfumo wa DHIS2 umejengwa kwa lugha nyingine, Java, lakini sheria ya njia ni moja kwa lugha zote. Na kwa upande wa Python, kampuni ya Ona, yenye ofisi Nairobi, ilijenga kwa Django mfumo wa kukusanya habari kwa fomu.

Sasa fikiri juu ya fomu ya kliniki iliyokosa vazi. Visanduku vya uzito, urefu na umri, vilivyokuwa vimepangwa kila kimoja mbele ya jina lake, huporomoka vikafuatana katika safu moja. Kalenda iliyojificha mpaka iguswe hufunguka yote, ikajaza ukurasa kwa tarehe. Maonyo yaliyofichwa yatokee tu panapokuwa na kosa huonekana yote kwa pamoja, na onyo lisemalo daima halisikilizwi. Karani ana foleni ya wagonjwa mlangoni. Akiandika namba ya uzito katika kisanduku cha umri, kompyuta haitaona haya, itaihifadhi. Daktari atakayeisoma kesho hatajua kuwa kosa lile lilianzia kwenye mkwaju. Basi vazi la ukurasa si urembo peke yake: ni mpaka unaotenga jambo na jambo, na mpaka ukiondolewa, mashamba huchanganyika.

Kuna jambo moja zaidi lililo zito kwa nchi yetu. Wajenzi wengi hawaweki mavazi katika seva yao. Huandika anwani kamili ya seva ya mbali, Ulaya au Marekani, inayogawa mafaili bure kwa dunia nzima. Penye mtandao wa kasi jambo hilo ni rahisi. Lakini kumbuka kwamba kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na dunia, kwa gharama kubwa na mwendo wa kobe. Mwaka huo nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa chini ya bahari, na hali ikaanza kubadilika. Hata hivyo waya wa bahari hauondoi siku ya mvua kubwa wala siku ya waya kukatwa. Kliniki yenye seva yake humo humo ndani yaweza kuendelea na kazi mawasiliano ya nje yakikatika. Lakini kama vazi la fomu limeachwa ng’ambo, fomu itafunguka na vazi halitafika. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Anayejenga kwa ajili ya Bungoma ni heri ayaweke mavazi Bungoma.

Yapo pia mambo mawili madogo ambayo fundi hodari hayasahau. La kwanza: picha zitajwazo ndani ya faili la mitindo hutafutwa kuanzia mahali lilipo faili hilo, si kuanzia kwenye ukurasa. Ukilihamisha faili na kuziacha picha zake, utapata vazi lisilo na vifungo. La pili: kivinjari hutunza nakala ya vazi ili kisisafiri mara kwa mara, na kwa hiyo fundi akilibadili vazi pasipo kulibadili jina, wasomaji huendelea kuona la zamani. Dawa yake ni kulipa faili jina lenye alama iliyotokana na yaliyomo ndani yake. Yaliyomo yakibadilika, jina hubadilika, na kivinjari hulazimika kuleta jipya. Django iliijumuisha dawa hiyo katika toleo la 1.4 la mwaka 2012, ikaiboresha katika toleo la 1.7 la mwaka 2014. Lakini dawa hii humfaa yule tu aliyeiachia maktaba kazi ya kutunga anwani. Aliyeziandika kwa mkono itamlazimu kufuta na kuandika upya kila siku.

Mwaka 1998 Tim Berners-Lee mwenyewe aliandika insha kuwasihi wenye tovuti wasizibadili anwani zao ovyo, kwa kuwa kila anwani ni ahadi waliyopewa watu wasioonekana. Neno hilo wangelielewa makarani wa posta wa Kitale na Bungoma kabla ya kompyuta ya kwanza kufika huko. Historia tuliyoipitia, tangu reli mpaka wijeti, yarudia jambo moja: watu hutenga vitu ili kila kimoja kitengenezwe vizuri, na wakisha kuvitenga huwajibika kutunza njia baina yake. Tawi la Kitale bila ya Leseru ni vyuma vilivyolala majanini.

Basi, msomaji kijana, siku utakapokaa mbele ya kompyuta na kuona ukurasa wako umesimama uchi, usikimbilie kuandika upya kila kitu. Jiulize maswali manne kwa utaratibu. Faili lipo katika diski? Mlango wake wa barazani umefunguliwa? Anwani iliyoandikwa katika ukurasa ndiyo anwani ya mlango huo? Na anwani hiyo yaanzia shinani, au yaanzia hapo ulipo? Mara nyingi jibu la mojawapo litakuonyesha mkwaju uliopotea. Ukiisha kuurudisha, iandike njia yako mahali pamoja, kwa jina litakalodumu, ili fundi atakayekuja baada yako aikute imenyooka.